Kila Upande Una Mwaka Wake

Kabla sijajua Katiba ni kitu gani, nilishajua duka gani tusinunue mkate wa boflo. Ndivyo watoto wengi wa Unguja wa rika langu tulivyoingia kwenye siasa: kwa kutumwa dukani. Tulikuwa tunakaa kwenye maghorofa ya Michenzani. Chini kabisa, karibu na ngazi, palikuwa na duka, na mwenye duka ndiye aliyekuwa akinipa peremende nikienda na pesa kamili. Mwaka 1995 mama akaanza kunituma duka la mbali, ng'ambo ya barabara, ambako mara nyingi boflo lilikuwa la jana. Nikauliza kwa nini. "Yule wa chini ana maneno mengi," akasema, basi. Maneno yenyewe sikuyasikia hata siku moja. Nilichokuja kukiona ni bendera ndogo ya kijani iliyochomekwa juu ya mlango.

Baba ni mtu wa Makunduchi, mama ni mtu wa Wete. Mzanzibari akisikia hivyo hana haja ya kuambiwa zaidi. Kwa aliye mbali: Makunduchi, kusini ya Unguja, ilikuwa ngome ya CCM hata kabla chama hicho hakijaitwa CCM, na Pemba, katika uchaguzi wa 1995, chama cha upinzani, CUF, kilichukua majimbo yote 21. Wazee wangu walioana wakati wa chama kimoja, ambapo posa ilichunguza ukoo na dini na tabia, basi. Vyama vingi viliporudi 1992 walikuwa wameshazaa, na hakuna aliyefikiri kwamba ndoa ile ingekuja kuonekana kama mkataba baina ya mahasimu.

Mbele ya maghorofa iko Kisonge, maskani ya CCM, na pale palikuwa na ubao wa chaki. Ndio kwanza nilikuwa najua kusoma vizuri, na herufi za ubao ule zilikuwa kubwa kuliko za kitabu chochote cha skuli. Siku moja nikarudi nyumbani nikausoma kwa sauti, kwa kujivuna, mstari mzima niliouhifadhi, wa kuwakejeli Wapemba. Mama alikuwa anachambua mchele. Baba akanikata jicho nikanyamaza. Hapana aliyenieleza kwamba Mpemba anayesemwa ubaoni ndiye huyo aliyekaa juu ya mkeka na ungo mapajani.

Matokeo ya Urais wa Zanzibar yalipotoka, Dkt. Salmin Amour wa CCM alipewa asilimia 50.2, Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF 49.8. Katika Baraza la Wawakilishi viti 26 kwa 24. Leo nikizitazama tarakimu hizo naziona kama maelezo ya nyumba yetu: nusu kwa nusu, na kitu kidogo sana kilichozidi upande mmoja. Lakini aliyezidi alichukua kila kitu. Wizara zote, ukuu wa mikoa na wilaya, hadi sheha wa mtaa, ambaye bila ya barua yake mtu hakuweza kufanya la maana. CUF wakasema wameibiwa, wakasusia Baraza. Mwaka uliofuata mama akapoteza kazi yake katika ofisi moja ya umma. Hakupewa sababu kwa maandishi. Baba alikwenda kwa ami, kaka yake, ambaye alikuwa na sauti katika chama, akamwomba amsemee shemeji yake. Ami alimwambia asubiri upepo upite. Mama alisubiri, akauza maandazi.

Likizo tulipelekwa Pemba, na kule mambo yakageuka. Meli ilitushusha Mkoani nikiwa mtoto wa Mpemba, na tukifika Wete nikawa mtoto wa CCM. Wajukuu wenzangu waliniita hivyo uani, kwa utani, lakini utani ule ulikuwa na kucha.

Kususiana kwa Pemba ya miaka ile nimekuona kwa macho, na naona wengi wanaokuandika hawakuangalia vya kutosha. Wanataja maduka na maziko, wakapita. Mimi naona jambo moja lililowapotea: wanaume walitangaza, wanawake wakatekeleza. Aliyeamua kwamba fulani wa chama kile haendewi ni mwanamme, kwenye barza, baada ya Alasiri. Lakini aliyepaswa kupita mlangoni kwa jirani bila ya kubisha hodi ni mke wake. Aliyezunguka kisima cha karibu akaenda cha mbali na ndoo kichwani ni binti yake. Harusini ndio usiseme: kumpelekea mtu mwaliko ukajua hatakuja, au kupokea mwaliko ukajua ukienda utaitwa msaliti. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na shoga yake tangu wanacheza kombolela. Mume wa shoga yake alikuwa na kadi ya CCM. Wale wazee wawili walikuwa wakikutana kwenye njia ya shamba, mmoja akijifanya anakata majani ya mbuzi, wakapeana habari za wajukuu kisha kila mmoja akashika njia yake. Bibi hakuwa na haya kulisimulia. "Si mara ya kwanza," alisema.

Kwa sababu Bibi alikuwa ameyaona zama za siasa, kama wazee wa Zanzibar wanavyoiita miaka ile ya kuanzia 1957, uchaguzi wa kwanza, hadi Mapinduzi ya Januari 1964. Chama cha Afro-Shirazi (ASP), kilichokuja kuungana na TANU kuwa CCM, upande mmoja; Hizbu, yaani chama cha ZNP, na baadaye chama cha ZPPP upande mwengine. Alinisimulia jinsi watu walivyofukuzwa kwenye mashamba waliyopewa kulima kwa ihsani, walivyogomeana maduka, mpaka maziko. Uchaguzi wa Januari 1961, jimbo la Chake Chake lilikwenda kwa Afro-Shirazi kwa kura moja. Moja. Bibi alikuwa akiinyoosha shahada yake juu kila akifika hapo. Kote Unguja na Pemba ASP ilipata viti 10, Hizbu 9, ZPPP 3. ZPPP wakagawanyika, serikali ikashindwa kuundwa, uchaguzi ukarudiwa Juni, na siku ya kupiga kura zikazuka fujo zilizoua watu 68 Unguja. Kuhusu 1964 yenyewe Bibi hakuzungumza mbele yetu. Alisema tu kwamba walitoka Unguja wakaja Pemba, na kwamba kuna nyumba Mji Mkongwe ambayo yeye hapiti mbele yake.

Januari 2001 nilikuwa sekondari. CUF waliitisha maandamano kupinga uchaguzi wa mwaka uliotangulia, ambao ulivurugika mpaka majimbo 16 ya Mjini Magharibi yakarudia kupiga kura. Tarehe 26 na 27 polisi walifyatua risasi. Tume iliyoundwa baadaye chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu vifo 31. Wengine wakasema ni zaidi. Zaidi ya watu 2,000 walikimbilia Kenya kwa mashua, wengi wakashukia Shimoni. Mjomba wangu mmoja alikuwemo. Tulikaa siku nyingi bila kujua kama yu hai, simu za mkononi zikiwa bado kitu cha wakubwa, na mama akawa kila adhana anakwenda kwa mtu aliyekuwa na redio ya mawimbi mafupi. Nyumbani kwetu wakati huo palikuwa na wageni wa upande wa baba, waliokuja kwa matibabu. Mmoja wao, mtu mwema kabisa, mtu aliyekuwa akituletea ndizi na mihogo kutoka shamba, alisema sebuleni, "Wamejitakia." Hakujua kwamba mama amesikia. Mama aliingia jikoni, akapika, akampakulia.

Hapo mimi nikachagua upande. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nikisoma kila gazeti lililonifikia, nikajua majina ya wabunge na wawakilishi, vifungu, tarehe za muafaka, yale makubaliano ya CCM na CUF: wa kwanza Juni 1999 kwa upatanishi wa Jumuiya ya Madola, wa pili Oktoba 2001. Nilidhani huko ndiko kuzinduka. Kwa kweli nilichokuwa nimefanya ni kupanua ile orodha ya maduka ya kutonunua boflo. Nilimjua mtu yeyote ni wa wapi kwa kanga aliyovaa, kwa barza anayokunywa kahawa, kwa kusema "Serikali" au "wao". Anayekaa Jaws Corner, barza ya wapinzani, hesabu yake hii; anayekaa Kisonge, hesabu yake ile. Nilikuwa hodari. Nikiambiwa kauli, kwanza niliuliza nani kaisema, na jibu la swali hilo likanitosha.

Kilichonitikisa ni jedwali katika kitabu chuoni, wakati nasomea ualimu. Uchaguzi wa Julai 1963, wa mwisho kabla ya Uhuru. Afro-Shirazi walipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote. Viti: 13 kati ya 31. Hizbu 12, ZPPP 6. Wakaungana, wakaunda serikali, na serikali hiyo ndiyo iliyopokea Uhuru tarehe 10 Disemba 1963 na kupinduliwa mwezi mmoja na siku mbili baadaye. Hapakuwa na uchawi wala wizi wa masanduku katika tarakimu hizo. Afro-Shirazi walirundika kura nyingi mno katika majimbo yao ya Unguja, wakashindwa kwa kura chache katika majimbo mengi ya Pemba. Ndivyo mfumo wa jimbo moja mshindi mmoja unavyofanya kazi.

Nilikuwa nimeshasikia habari za 1963 maisha yangu yote, Makunduchi, kwa sauti ya ami. "Tulishinda kura tukanyimwa nchi." Kila aliposema nilikuwa najua ni nani anayesema, kwa hiyo sikusikia anachosema. Na kumbe ni kweli tupu. Tena ilikuwa ni kweli ya namna ile ile aliyokuwa akiisema mjomba kuhusu 1995: tulishinda, tukanyimwa nchi. Wale wazee wawili, waliokuwa hawatazamani wakikutana harusini, walikuwa na jeraha la aina moja. Kila upande una mwaka wake. Ukimtajia ami 1995 anakwambia, "Na 1963 je?" Ukimtajia mjomba 1963 anakwambia, "Hayo ya kikoloni, zungumza ya leo." Kila mmoja anaufuga mwaka wake na kuufungia mlango wa mwenzake.

Tangu hapo mahubiri ya amani na upendo yamenichosha, na nasema hivi nikijua nitalaumiwa. Kila uchaguzi ukikaribia, tunaletewa masheikh na maaskofu na wasanii kutuambia tupendane, sisi ni ndugu. Naam, ni ndugu. Ndiyo maana inauma. Watu wengine hupenda kutolea mfano Mwaka Kogwa wa kwetu Makunduchi, ambapo vijana wa kusini na kaskazini hupigana kwa magomba ya migomba wakaondosha vinyongo. Nimeshauona Mwaka Kogwa miaka mingi. Ni sherehe nzuri, pilau nyingi, na kaka zangu wameshapigwa magomba ya kweli. Lakini pale hakuna anayegombea kitu. Anayepigwa sana harudi nyumbani akakuta mkewe kafukuzwa kazi.

Ushahidi wangu ni 2010. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, wao wawili, bila wapatanishi wa kutoka nje. Zilipotoka picha wakicheka, sisi tuliokulia kwenye ile hali tulidhani kuna mchezo. Miezi michache kabla, Pemba kulikuwa na mapambano kwenye vituo vya kuandikisha wapigakura, kwa sababu huandikishwi bila Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kitambulisho hupati bila sheha, na sheha humpati ukitaka. Kisha yakaja maridhiano, na tarehe 31 Julai 2010 kura ya maoni: tuwe au tusiwe na Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Theluthi moja walisema hapana, ami akiwemo, na alinieleza sababu zake kwa saa nzima. Hazikuwa za kipuuzi. Aliogopa kwamba chama kilicholeta Mapinduzi kinayaweka Mapinduzi mezani kama mali ya kugawana.

Katiba ikabadilishwa, Marekebisho ya Kumi. Chama cha pili kikapata Makamu wa Kwanza wa Rais na wizara kwa kadiri ya viti vyake. Uchaguzi wa Oktoba 2010 nilikuwa karani katika kituo kimoja cha Unguja, kama walimu wengi. Tulihesabu usiku kwa taa ya betri iliyokuwa ikififia, na mawakala wa CCM na CUF wakapokezana kuishika juu ili mwenzao aone kura. Wakabishana kuhusu kura moja iliyoharibika, wakakubaliana, wakatia saini. Fomu ikabandikwa mlangoni. Dkt. Ali Mohamed Shein akashinda kwa asilimia 50.1, Maalim Seif akapata 49.1. Pengo lilikuwa ni pointi moja tu, la 1995 halikufika hata nusu pointi. Watu ni wale wale, na ami na mjomba hawakuwa wamebadilika tabia hata chembe. Hakuna aliyekufa. Pemba yule shoga yake Bibi akaja kwa mlango wa mbele, mchana, na sinia ya vitumbua. Hakuna sheikh aliyemhubiria. Mume wake alikuwa ameona kwamba kushindwa si tena kupotea, kwa hiyo akaacha kumkataza.

Sitaki kuisifu Serikali ile kupita kiasi. Barazani sauti za kuuliza zilipungua, maana aliyekuwa akiuliza sasa alikuwa waziri au swahiba wa waziri. Bei ya mchele haikushuka kwa sababu wakubwa wamepatana. Vijana waliomaliza skuli hawakupata kazi. Lakini mimi niliyewahi kuona mtu akizikwa na watu wa chama chake peke yao, nilikuwa tayari kuvumilia Baraza linalosinzia.

Halafu 2015. Tulipiga kura Jumapili tarehe 25 Oktoba. Kwetu mpigakura hupewa karatasi tano: mbili za Tume ya Taifa, za Rais wa Muungano na Mbunge, tatu za Tume ya Zanzibar, za Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na Diwani. Watu wale wale, siku ile ile, skuli ile ile, vyumba vinavyofuatana. Tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatokea kwenye televisheni akaufuta uchaguzi wa Zanzibar wote, akitaja kasoro. Zile karatasi mbili za Tume ya Taifa zikabaki halali. Nimejaribu kumweleza jambo hili rafiki kutoka bara mara kadhaa, na kila mara hudhani nimeruka sehemu. CUF wakakataa kurudia. Tarehe 20 Machi 2016 ukarudiwa bila wao, Dkt. Shein akapata asilimia 91.4. Na kwa kuwa hakuna chama kingine kilichofika asilimia 10 inayotakiwa na Katiba, Makamu wa Kwanza hakuwepo. Serikali ya Umoja ikabaki kwenye maandishi.

Kususiana kukarudi Pemba kama kitu ambacho watu walikuwa wamekiweka kabatini wakakitoa. Maduka, magari, maziko. Mikarafuu ya watu ikakatwa. Wanawake wakaachwa na waume zao kwa sababu ya kura, na TAMWA ya Zanzibar, chama cha wanahabari wanawake, ikapiga kelele. Watu wakashangaa, mimi sikushangaa. Kwenye sherehe za Mapinduzi Januari 2016 palibebwa bango la kuwabagua machotara, CCM ikalazimika kuomba radhi hadharani. Nilikuwa darasani siku iliyofuata, na darasa langu lina kila rangi.

Tofauti na utoto wangu ilikuwa simu. Ukoo wetu ulikuwa na kundi la WhatsApp la pande zote mbili, lililoanzishwa kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Ndani yake walikuwemo wa Makunduchi, wa Wete, binamu aliye Maskati, mwengine London. Tarehe 28 ile, kabla ya Magharibi, kulikuwa na sauti zilizorekodiwa zisizo na mwenyewe, picha za fomu za matokeo, za kweli na za kughushi, na matusi ambayo hakuna aliyewahi kuyatamka sebuleni kwetu. Yule wa "wamejitakia" alikuwa angalau ameshusha sauti. Humu hakuna kushusha sauti. Na wakali zaidi hawakuwa wale wanaoishi na polisi na sheha. Walikuwa wa Maskati na London, ambao kesho yake hawatapanda daladala moja na mtu waliyemtukana. Mzee wa ukoo akatoka kwenye kundi. Likaanzishwa la pili, "la wenyewe", na mimi nikajikuta ndani ya yote mawili, nikisoma upande huu wanayosemwa wa upande ule. Kususia kwa zamani kulikuwa na gharama. Ulibeba ndoo mpaka kisima cha mbali, mgongo ukauma, na maumivu yakakukumbusha unachofanya. Kumfuta mtu kwenye kundi hakuumi kiungo chochote.

Nilijiwekea kanuni moja tu humo, nayo haikunipatia marafiki. Mtu akileta karatasi ya matokeo, nauliza ya kituo gani na iko wapi saini ya wakala. Baada ya siku chache nikaitwa CCM kwenye kundi moja na CUF kwenye la pili. Mdogo wangu alipendekeza nitengeneze fulana ya rangi zote.

Machi 2019 Maalim Seif na watu wake wakahamia ACT-Wazalendo baada ya mahakama kuutambua uongozi wa Profesa Lipumba ndani ya CUF. "Shusha tanga, pandisha tanga," na matawi yakapakwa rangi ya zambarau mara moja. Hapo nilithibitisha kitu: mjomba, aliyekuwa tayari kufa kwa CUF, alibadilisha bendera kwa mchana mmoja. Hakuwa anaipenda CUF. Alikuwa anadai mwaka wake. Uchaguzi wa 2020 damu ikamwagika tena na mitandao ikabanwa, Dkt. Hussein Mwinyi akatangazwa kwa asilimia 76, Maalim Seif karibu 20. Disemba akakubali kuwa Makamu wa Kwanza. Mjomba hakutaka tena hata kumtaja. Aliona amewauza waliokufa. Nilimwelewa. Nilimwelewa pia Maalim, ambaye alikuwa amegombea tangu 1995 na alijua kuliko sisi sote nini huja pale upande mmoja ukibaki nje ya mlango. Tarehe 17 Februari 2021 akafariki, akazikwa kwao Mtambwe. Ami, mtu wa hapana wa 2010, alinipigia simu akaniuliza kama mjomba amekula. Nikamwambia ampigie mwenyewe. Namba hakuwa nayo, nikamtumia. Walizungumza dakika mbili, kuhusu sukari ya mjomba na dawa zake.

Sasa nasomesha Uraia, kidato cha pili. Kila mwaka, tukifika kwenye mada ya uchaguzi, naandika ubaoni jedwali mbili, ya 1963 upande wa kushoto na ya 1995 upande wa kulia, bila majina ya vyama. Nawaambia wanafunzi wahesabu: nani ana kura, nani ana viti, nani ana serikali. Kisha waniambie aliyeshindwa amebaki na nini. Wanabishana vizuri kabisa mpaka nitakapoandika majina, na hapo nusu ya darasa hubadilisha majibu yake.

Mwaka jana mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba nafufua mambo ya 1963 kuchafua watoto. Baada ya siku chache akaja mwengine, kuhusu 1995. Mwalimu mkuu aliniita, akaniomba nitumie mfano wa nchi nyengine, mbali, kama India. Nilimwambia India nitaisomesha, ipo kwenye muhtasari. Jedwali zile nazo nimezirudisha muhula huu, na wanafunzi wameongeza safu ya tatu wenyewe, ya 2016. Wanataka kujua, kama chama kikubwa kikisusia na hakuna mwengine anayefika asilimia 10, kile kifungu cha umoja kinamlinda nani. Nimewaambia walete nakala ya Katiba Jumatatu.